Desemba ya Mbwa Mwitu na Sherehe Yako Ruiru

Milima ya Bale, Ethiopia
Mwezi wa kumi

Mpendwa dada yangu Wangari,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako Njoroge, ambaye ni mzima ila midomo imepasuka kwa baridi na mgongo unalalamika kila nikishuka kwenye gari. Ninyi huko Ruiru mko vipi? Goti la Mama limepoa, au bado anajidai halimwumi ili aende kuchuma kahawa ya watu? Mwambie nimesema akae chini. Najua hatakaa.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori kutoka Moyale. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kwa hivyo ngurario yako ni Desemba, mbuzi watakatwa mbele ya wazee, nawe utakuwa mke wa mtu. Nimefurahi, Wangari. Nilimwambia kila mtu hapa kambini, hata wasiojua Kiswahili. Na umeandika kwamba kwa kuwa baba hayupo tena, kiti chake siku hiyo nitakikalia mimi.

Sasa nisikilize polepole, maana barua hii imenishinda wiki nzima.

Unakumbuka wale walimu wa Thika wanaotaka kuja kuona mbwa mwitu? Kiongozi wao ni Mwalimu Karanja, aliyenifundisha jiografia. Mbwa mwitu wa huku si wale wenye madoa wa kwetu. Ni wekundu, wa miguu mirefu, na huwinda panya mchana, kila mmoja peke yake. Hawapatikani nchi nyingine yoyote na wamebaki wachache. Mwenye kambi, mama mmoja wa Addis, alinipa kazi ya kuipanga safari hiyo yote: njia, mahema, chakula. Mpango ulikuwa Desemba, shule zikifungwa. Walimu wangekuja na basi lao dogo, na mimi ningewasindikiza kurudi mpaka Thika, kisha nije nyumbani. Ruhusa ya kutoka huku nilipewa kwa ajili ya kuwasindikiza tu. Bila wao sina ruhusa.

Mwalimu naye akaniandikia: "Njoroge, usijisumbue na mambo ya menu. Tutanunua mbuzi hapo karibu, tuichome hapo juu kabisa tukiangalia hao wanyama. Safari bila choma ni kama mkutano wa wazazi." Nilicheka peke yangu, halafu nikachoka, maana ni mimi wa kumkataza. Harufu ya nyama huita mbwa wa vijijini, na mbwa hao wanaweza kuleta kichaa. Miaka michache iliyopita ugonjwa huo ulipita hapa ukaua mbwa mwitu wengi. Nilimjibu kwa heshima kwamba watapikiwa githeri chini kambini na huko juu hakuna moto. Hajanijibu mpaka leo. Unajua mwenyewe, kumnyima mtu wa Thika choma ni kumtukana.

Lakini shida haikuwa mbuzi. Alasiri moja nilipanda na Hussein, askari wa mbuga aliyewahi kukaa Isiolo, tuikague njia kwa miguu. Ghafla akanishika koti. Mbele yetu, mbali, jike mmoja wa mbwa mwitu alikuwa anafukua udongo chini ya jiwe kubwa.

"Hiyo natengeneza nyumba," akanong'ona. "Desemba watoto iko ndogo sana, ndani ya shimo. Watu ikija mingi, mama naogopa, nabeba watoto napeleka kwingine. Huku baridi naua."

"Na tukikaa mbali?"

"Mbali gani? Njia yenu napita hapa hapa."

"Ile njia ya upande wa pili?"

"Huko pia iko mashimo yao. Ngoja mwezi ya nne. Watoto nakimbia yenyewe."

Tulikaa chini tukatazama. Ng'ombe wa wafugaji wakapita, na dume mmoja wa mbwa mwitu akawa anatembea katikati yao akijificha ili avizie panya, nao ng'ombe hawana habari. Nilicheka mpaka Hussein akaniambia ninyamaze. Ni muda mrefu sijacheka hivyo.

Tuliporudi, Hussein akaenda kwake. Mwenye kambi akaniuliza, "Njoroge, njia umeiona. Tuwaambie walimu waje lini?" Angekubali lolote ambalo ningesema. Ningesema Desemba, hakuna ambaye angenilaumu. Nilitaka kusema Desemba, Wangari, nilitaka sana. Nikasema mwezi wa nne.

Basi siji. Inaniuma, na sitakudanganya kwamba hainiumi. Kama umekasirika, kasirika, una haki. Mimi nimechoka hata kujieleza. Ila usiahirishe sherehe kwa ajili yangu. Baba mdogo Kimani azungumze na wazee wa upande ule. Anayajua maneno yote na anapenda kusikika.

Nisalimie Mama sana. Msalimie mke wa baba mdogo, na jirani yetu fundi viatu. Shemeji yangu mwambie nimemkubali bila kumwona, lakini asidhani nitakaa bila kumwona.

Kitu kimoja tu nakuomba. Siku hiyo watakupa kikombe cha pombe ya muratina, au soda kama watu wa kanisa watashinda, uonje kwanza kisha umpe aliye mahali pa baba, ndiyo wote wajue umekubali. Usimpe baba mdogo. Wazee watanung'unika, waache wanung'unike. Mpe Mama. Tangu tumzike baba, kiti hicho ni yeye amekikalia.

Ndimi kaka yako,
Njoroge