Marahaba Niliyoitikia

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Hombolo hatujambo. Bibi yako amevuna zabibu, mimi nimevuna maumivu ya kiuno. Umeniuliza kama nami niliwahi kuogopa cheo, maana huko Mtumba, kwenye ofisi yako mpya ya serikali, wazee sasa wanakuita bosi.

Mimi nilikuwa tarishi tu, pale mjini Dodoma. Asubuhi moja nikifuta meza ya mkuu wetu, nikakikalia kiti chake nikionje. Mara akaingia mzee kutoka Mlali, umri wa babu yangu. Akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba," nikaitika.

Kuinua macho, mkuu yuko mlangoni. Nikaruka kutoka kitini. Kazi nikaiona imekwenda. Akanipita, akampa mzee mkono.

"Shikamoo, baba. Karibu ukae." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mheshimiwa, tuletee chai."

Nusu ya chai niliimwaga njiani kwa haraka. Sikufukuzwa. Ila kinachonitisha hadi leo si mkuu, ni ile marahaba: ilivyonitoka upesi, na ilivyokuwa tamu mdomoni.

Kwa hiyo hofu yako usiifukuze yote. Na wazee hao wakija, wawahi kwa shikamoo kabla hawajakuwahi.

Babu yako, tarishi mstaafu