Sikio la Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Usihangaike kuitikia, pumzika tu, ila nisikilize. Nimekuja na kesi ya mume wetu, na kesi ya mume mke mdogo haipeleki kwingine ila kwa mke mkubwa. Uliniita mke mwenzio tangu nikiwa nabebwa mgongoni, ukaniambia Babu ni wetu sote wawili, mimi nimpikie uji na wewe umgombeze. Sasa umeniachia vyote viwili, ndiyo nini hivyo, Bibi?

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Shangazi alikaa nasi mpaka arobaini yako ikapita, kisha akapanda treni akarudi kwake Kaliua. Sukari bado ya foleni pale duka la ushirika. Ndugu zako wa Sikonge wamehamishiwa kijiji kipya, mizinga wameiacha kulekule porini, na wakija hapa wanalalamika kwamba nyuki hawakupewa taarifa. Wangekukuta ungewapa jibu lao, mimi nacheka tu. Yule kuku wako mwekundu amegoma kutaga. Na Babu, Bibi... Babu alinyamaza.

Sisemi alilia. Bora angelia. Asubuhi "marahaba," jioni "nimeshiba," na chakula nakiona kiko vilevile kwenye sahani. Mzee aliyekuwa akisimulia safari fupi ya hapa na Tura utadhani ametoka Makka! Niliogopa, mke mwenzangu. Niliona kabisa tunakwenda kuchimba kaburi la pili.

Halafu jioni moja, baada ya magharibi, akaitoa redio. Unajua mwenyewe spika yake ilivyopasuka zamani, ikabaki kusikilizwa kwa masikio tu. Masikio, ndivyo ulivyoyaita, yale mawili meusi ya kubana kichwani. Upinde wa kichwani ulipovunjika mkayagawana, la kulia lake, la kushoto lako, na kwa kuwa waya ni mfupi mkawa mnakaa mkekani bega kwa bega kama maharusi. Tulikuwa tunawacheka sana jikoni, ujue.

Akaniita, "Mke mdogo, njoo ukae upande wa mwenzio." Nikakaa. Nikalibana sikio lako. Kimya. Nikaligonga, nikalipuliza, kimya. Babu ameshika lake, macho mbele, na msomaji wa taarifa lazima alisema jambo, maana nilimwona anatikisa kichwa. Nikamuuliza, "Amesemaje?"

Lo! Nilikuwa kama nimefungua mlango wa zizi. Mzee wa watu akaanza na vijiji vya ujamaa, akaingia kwenye bei ya tumbaku, akamkuta humo mjomba wake aliyebeba mizigo ya msafara mpaka Ujiji akarudi na mke asiyejulikana kwao. Taarifa ya habari ilikuwa imeisha zamani, yeye ndiyo kwanza anapata moto. Usiku ule alikula ugali wote, akauliza kama mchuzi umebaki. Nilikwenda jikoni nikalia huku nimeshika mwiko.

Shangazi aliposikia kwamba sikio moja limekufa akaleta salamu kwa mtu wa treni, yatupwe, anunuliwe mapya, kwa Mhindi wa duka la saa yapo yanayong'aa. Mimi sikutaka. Haya yana mafuta ya nazi ya nywele zako. Nikayafunga kwenye kanga nikayapeleka kwa Fundi Salehe, pale nyuma ya soko, ayatengeneze.

Fundi akalifungua lako, akatazama, akacheka. Waya umekatika ndani, umeota kutu ya kijani, eti sikio hili lina miaka halisikii. Nikambishia. Bibi yangu alikuwa akilisikiliza kila siku ya Mungu! Ndipo akanieleza kwamba ulilileta wewe mwenyewe kwa mkono wako, akataka kuliunga, ukamzuia. Ulimwambia, "Habari nazipenda zikishapita kwa mume wangu."

Ewe mwanamke! Nilikaa kwenye benchi la watu nikacheka mpaka machozi, kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Miaka yote ile! Babu akicheka unacheka, akiguna unaguna, halafu unamwambia, "Hebu nieleze taratibu, huyu msomaji anakimbia." Nasi tukadhani Kiswahili cha redioni kinakupiga chenga kwa kuwa umekulia Kinyamwezi cha Sikonge. Mimi mwalimu mzima nikawa nakufafanulia maneno, nawe unaitikia, "Ahsante mwalimu." Kumbe! Na yule waziri ambaye Babu alikwambia amesema redioni kwamba wanawake wa Sikonge hawazeeki, sasa najua hakuna waziri aliyesema hivyo.

Fundi alikuwa amekwisha kukitia moto chuma chake cha kuungia waya, ananitazama, niseme. Sikufichi, Bibi, nilitamani. Napenda redio kuliko unavyojua, zile bendi za Dar za jioni, na tangu utoto nilikuwa nangoja zamu yangu isiyofika. Tena nikajiuliza, kumlaghai mzee kila siku si dhambi? Wewe ulikuwa mkewe, mimi ni mke wa utani tu. Lakini sikio likipona tutakaa pale wawili, kila mtu na lake, tumenyamaza. Na Babu akinyamaza hali chakula. Nikamwambia fundi alifunge lilivyo.

Shangazi nimemjibu kwamba mume wetu hataki mapya. Amekasirika, atapoa.

Sasa nakaa upande wako kila jioni. Nimejifunza kutikisa kichwa, ingawa juzi nilicheka mahali pa tanzia, Babu akanikodolea macho. Jana ilikuwa saa ya salamu za wasikilizaji. Akasikiliza kwa muda mrefu, mpaka nikamuuliza, "Wamesemaje?" Akalishusha sikio lake mapajani. Akasema, "Wametaja jina lako. Mke mkubwa anakusalimu. Anasema chumvi ya mboga unazidisha."

Nilimwegemea tu begani, kwa kuwa waya ni mfupi.

Chumvi nitapunguza. Sikio sitaliunga, nakuapia. Lala salama, mke mwenzangu, nafasi yako haina baridi, nitaikalia mpaka mume wetu amalize habari zake zote.

Wako,
Mke mdogo