Viazi Vilikuwa Bado Vuguvugu

Kwa mjukuu wangu Lemi, Entebbe.

Salamu zitakuja. Kwanza nakuuliza, miguu yako ina nini? Mwaka umepita tangu tumzike babu yako, nawe hujarudi hata siku moja. Haya sasa, hujambo? Mkeo hajambo? Mtoto ameota meno? Mimi ni mzima. Goti linauma, mdomo hauumi. Anayeniandikia ni jirani yetu Stella Kiden. Anataka kulainisha maneno yangu, nimemkataza. Simu huwa unanikatia. Barua hii ikate basi.

Jumapili ukoo ulikaa hapa Koboko, nyumbani kwangu, kwa habari ya kaburi. Desturi unaijua: saruji haimwagwi mpaka mwenye jina la marehemu aweke jiwe la kwanza, na jina la Lemi unalo wewe peke yako. Baba yako mdogo Duku akasema wamechoka kungoja, jiwe aliweke mwanawe Yakani. “Mama, huyu mtoto iko mbali,” akaniambia. “Entebbe si Arua hapo.” Wenzake wakaitikia huku wanatafuna nyama, tena nyama yangu. Nikawauliza mbali ni wapi. Wakanyoosha mikono kusini, kila mmoja na kusini yake.

Hilo neno mbali hata wewe hunijibu nalo kwenye simu. Babu yako alikuwa askari, alirudi likizo juu ya magunia ya chumvi, siku tatu barabarani, na sikumsikia akilitamka.

Basi nikasimama, nikawaambia jambo nililokuwa nimelificha. Nawe lisikie. Mwezi uliopita niliaga kwamba nakwenda hospitali ya Kuluva kuonyesha goti. Sikwenda Kuluva. Abdunoor, dereva wa hapa kwetu, alinifikisha Arua kwa gari lake, na karibu na uwanja wa ndege mama mmoja akanitolea viazi vitamu chunguni. Nikavifunga kwa kitenge, nikapanda ndege. Walisema kilomita ni karibu mia nne, na mwendo ni saa moja na kidogo. Kilomita sizijui mimi. Viazi navijua. Nilisali, nikaona Nile imelala chini kama kamba ya mbuzi, mara tumetua Entebbe. Nikakaa kwenye benchi, nikafungua kitenge. Vilikuwa bado vuguvugu.

Kwako sikuja, ingawa najua unakaa jirani na uwanja huo. Mfiwa habishi hodi kwa mtu anayedaiwa kilio. Nilikula viazi vyangu, nikatazama ziwa lenu, nikarudi na ndege ya jioni. Nauli alilipa yule beberu wa mbuzi aliyekuachia babu yako, nilimuuza. Usimtafute.

Duku alimeza nyama bila kutafuna. Ukoo umekubali kukungoja mpaka Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya hapo ni Yakani. Jiwe nimelivuta hadi kaburini, na kila asubuhi nalikalia. Anayelitaka kabla yako aninyanyue kwanza.

Mkeo umsalimie, mtoto mbusu tumboni. Stella anawasalimu, ingawa mkono umemchoka.

Ni mimi bibi yako Drateru, mke wa Lemi.

Siku ya kuja, chemsha viazi kabla hujatoka nyumbani, uvifunge vizuri. Usipite jikoni wala usisalimie mtu, njoo moja kwa moja kaburini, ufungue kitenge hicho mkononi mwako, unipe kiazi kimoja. Nikikishika kiko baridi, nitajua ulikuwa unazunguka.