Vituo Viwili Vilivyorukwa

Halifax, 9 Desemba

Kaka Lauchie,

Hapa nyumbani hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti kwa baridi hii, na paka wako amehamia kitandani kwangu.

Vipimo mlivyotuma kutoka melini vilifika Jumatatu. Nikaandika amri zangu za R, ile lugha ya kompyuta, ili inichoree bahari kama keki iliyokatwa: pwani kushoto, kilindi kulia, maji baridi buluu, ya moto mekundu. Mchoro ukatoka ovyo! Kule kilindini palisimama ukuta wa maji baridi usio na mbele wala nyuma.

Kaka, nisamehe. Kwa kuwa wewe ndiye unayeteremsha kipimo majini, nilidhani umeirudia chupa ya pombe. Nikampigia Mama simu kutoka ofisini nikilia. Akanikatiza: "Wewe na rangi zako! Hebu soma kwanza alichoandika kaka yako."

Leo nimelisoma daftari lako lililotumwa pamoja na vipimo. "Dhoruba. Tumeruka kituo cha tano na cha sita, tutavipima tukirudi." Mwandiko umenyooka kama rula. Kumbe mimi ndiye niliyevipanga vituo vya kupimia kwa tarehe badala ya umbali kutoka pwani, hivyo viwili vikaangukia mwisho, kule kilindini! Nikaongeza mstari mmoja wa amri, ukuta ukatoweka. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wa ofisini wakaja kunichungulia.

Ile ramu ya keki ya Krismasi, niliyoificha usije ukaiona, nimeirudisha mezani. Ukifika, ipime wewe. Kipimo chako nakiamini.

Dadako mwenye haya usoni,
Effie