Kichupa Chenye Harufu ya Sanduku Lako

Mama,

Shikamoo. Itikia huko huko uliko, maana leo nina hasira na sitaki kuanza kwa kukosa adabu.

Unawakumbuka wale wageni wa Landrova? Mambo yalipokuwa ruksa, kila mwenye gari alipanda Kitangari kutafuta cha kununua. Wenzao walitaka korosho, wao wakataka mizizi ya kile kichaka chako, ile ambayo ikiwa mibichi hainuki kitu, ikikauka inanukia tamu, nawe ukiiweka kwenye sanduku la khanga. Ukawaonyesha. Ulichimbua mzizi mmoja wa pembeni, ukafukia, ukakimwagia kichaka kata nzima ya maji ya kunywa. "Umemnyang'anya, mnyweshe," ukasema. Wakacheka! Maji uliyoyapandisha mlima kwa kichwa chako, nao wakacheka. Wiki iliyofuata waling'oa vichaka vyote porini, wakapakia, wakaondoka. Hata jina lako hawakuuliza.

Sasa sikia. Baada ya arobaini yako, maabarani ninakofanya kazi hapa Masasi tuliletewa kichupa kidogo kama kidole. Ndani mna unga mweupe wa kulinganishia. Dawa ya mizizi ikiletwa kupimwa, tunadondosha tone lake na tone la ule unga ulioyeyushwa sambamba kwenye kibao, kisha tunakisimamisha kwenye maji ya dawa yanayopanda na kuyavuta juu. Madoa yakipanda kimo kimoja, dawa ni ya kweli. Yakipishana, tunairudisha. Nikafungua kifuniko. Mama, nilikaa chini sakafuni. Lilikuwa sanduku lako.

Mkuu wetu wa maabara akasema, "Zuhura, huo ndio ukweli wenyewe, umetoka Ulaya." Ulaya! Kwenye daftari la vifaa kuna safu ya "Kilikotoka". Nikaandika: Mama Zuhura, Kitangari. Akakata kwa kalamu nyekundu. Nikaandika tena. Akakata tena, akaniambia hapa si mahali pa mchezo. Mchezo? Yeye aliwahi kushuka bondeni na ndoo?

Halafu jana kaja na sauti ya asali. Wale wageni, kumbe ndio waliotengeneza ule unga, wameandika, wanataka mizizi mingine, porini wamekosa. "Wewe si mtu wa Kitangari? Utatupeleka." Wataachaje kukosa, na walifagia wenyewe!

Kimebaki kichaka kimoja, unakijua, nyuma ya jiko lako. Siku tuliyokuzika, maji ya kunyunyizia kaburi yalibaki nusu ndoo. Shangazi akataka kunawia, nikamkatalia, nikaenda kukimwagia. Walidhani msiba umenichanganya. Labda ulinichanganya kweli. Lakini kimechipua, Mama.

Basi nimewajibu: waje. Kila mmoja ateremke bondeni kwa miguu yake, apande na ndoo kichwani. Na jina lako liandikwe kwenye daftari, lisikatwe. Hapo nitawapa mzizi mmoja tu, wa pembeni. Mkuu kanuna, anasema kazi nitaikosa. Niikose! Nimekukosa wewe, kazi ni nini?

Pumzika, mama yangu. Jumamosi napanda basi kuja nyumbani. Nitateka ndoo moja mwenyewe, nusu ya kichaka, nusu yako. Na nakuahidi, asiyekuja na maji hachimbi.

Mwanao,
Zuhura