Mama Seline na Makala Iliyosomwa Nusu

KUNDI LA WAFUGAJI WA SAMAKI WA VIZIMBA, UFUO WA NYAKWIRI, KISUMU

Kikao maalum, Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, katika banda la kupimia samaki

WALIOHUDHURIA
Bw. Zacchaeus Ogola – Mwenyekiti
Bw. Ignatius Odera – Katibu
Mama Seline Amolo – mwanachama, na mshtakiwa
Bi. Winny Akoth – mwanachama; pia hutengeneza simu kule Manyatta
Bw. Griffins Ochieng – mwanachama
Pamoja na wanachama wengine tisa

WALIOKOSA
Hakuna. Habari za shtaka zilikuwa zimeenea.

KUMB. NA. 1/03/2025: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa nne na dakika ishirini badala ya saa tatu. Mwenyekiti alikuwa akitafutiwa kiti chenye mgongo.

KUMB. NA. 2/03/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA FEBRUARI
Mama Seline alisema kumbukumbu hizo hazionyeshi kwamba aliinua mkono mara tatu akitaka kuzungumza juu ya maji, na mara zote akaambiwa angoje mengineyo, ambayo hayakufikiwa. Katibu alieleza kwamba mkono ulioinuliwa si hoja. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/03/2025: SHTAKA
Mwenyekiti alikumbusha kikao kwamba ufuoni hapa mtandao haushiki, hivyo yeye hujitolea kwenda mjini kusoma makala za kundi la majadiliano la mtandaoni, ambako wafugaji wa pande zote za ziwa huandikiana, kisha huwaletea wanachama maagizo ya mtaalamu mmoja anayemheshimu sana. Katika kikao cha Februari alileta agizo hili: "Msihamishe vizimba." Wanachama walitii. Siku sita baadaye ngege walielea wafu katika vizimba kumi na moja. Mama Seline peke yake alikuwa amevuta vizimba vyake hadi kwenye kina, na samaki wake wako hai mpaka leo.

Mwenyekiti alisema ukaidi huo umeleta mgawanyiko. Alipendekeza Mama Seline asimamishwe uanachama kwa mwaka mmoja.

Bw. Griffins, ambaye vizimba vyake vitatu kati ya vinne viliangamia, aliuliza: "Mzee, kwani wa kushtakiwa ni mwenye samaki hai ama ni sisi tulioamka tukazika?" Mwenyekiti alimwonya kuhusu sauti yake. Bw. Griffins alisema samaki hao aliwalea miezi saba na hiyo ndiyo sauti iliyobaki.

KUMB. NA. 4/03/2025: PROGRAMU YA BI. WINNY
Bi. Winny aliomba aonyeshe kitu kabla ya kura. Alieleza kwamba ameunda programu ndogo ya simu iitwayo Chota. Ukipita mahali penye mtandao, inaingia kwenye kundi lile la majadiliano, inachota makala zote mpya na kuziweka ndani ya simu, nawe unazisoma ukiwa popote hata bila bando. Haina picha wala mapambo. Ina vitufe viwili, CHOTA na SOMA.

Mwenyekiti aliuliza nani aliidhinisha. Bi. Winny alisema hakuna. Mwenyekiti alishauri kwamba makala zichotwe, lakini zipitie kwake kwanza zichujwe, kwa kuwa si kila mwanachama anaweza kuelewa mambo ya kitaalamu.

"Mzee, iko kwa simu kumi na mbili tayari," alisema Bi. Winny. "Hata yako. Nilikuwekea Jumatano ulipokuja kubadilisha kioo."

Mwenyekiti alitoa simu yake mfukoni akaanza kuitafuta programu hiyo.

Bi. Winny alibonyeza SOMA, akaisoma makala ya Februari kwa sauti: "Msihamishe vizimba maji yakiwa kijani kama kawaida, mtawachosha samaki bure. Lakini yakigeuka kahawia na kunuka tope, jueni hewa imeisha chini. Vuteni hadi kwenye kina siku hiyo hiyo. Msingoje kikao."

Mwenyekiti alieleza kwamba siku ile bando lilimwishia baada ya maneno mawili ya kwanza, na aliona yanajitosheleza.

Bw. Griffins aliuliza jina la mwandishi. Bi. Winny alisoma: S. Amolo. Mwenyekiti alithibitisha kwamba ndiye mtaalamu wake, Profesa Samson Amolo wa ng'ambo ya ziwa.

"Samson gani?" aliuliza Mama Seline. "Ni mimi. Huwa naandika nikiwa sokoni Kibuye, wateja wa samaki wakipungua."

Mwenyekiti alijitetea kwamba herufi S ilimwelekeza kwa mwanamume.

"Mama, mbona hukusema ni wewe?" aliuliza.

"Ningesema saa ngapi, Mzee? Nilikuwa nimeinua mkono."

Katibu aliomba kumbukumbu za Februari zifunguliwe upya na mikono ile mitatu iandikwe. Vilevile alimwomba Mama Seline radhi. Ilimchukua muda kulitamka hilo, na Mwenyekiti hakumsaidia.

Shtaka liliondolewa kwa kura kumi na tatu. Mwenyekiti hakupiga kura. Badala yake alipendekeza Mama Seline ateuliwe msaidizi wa Mwenyekiti katika mambo ya kitaalamu. Mama Seline alishukuru, akakataa.

KUMB. NA. 5/03/2025: UKARABATI WA PAA LA BANDA
Kabla hoja hii haijaelezwa, Mama Seline alisimama akasema kwamba asubuhi, akilisha samaki, aliona maji yameanza kugeuka upande wa mawe, na harufu ipo. Waliobakiwa na vizimba wavute sasa.

Mwenyekiti aliamua kwamba jambo hilo halimo katika ajenda, na paa limo.

Bw. Griffins alitoka. Bi. Winny alimfuata, kisha wengine wote. Katibu aliweka kalamu chini akaenda kushika kamba. Aliyoyasema Mwenyekiti kuhusu paa hayakuandikwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuyasikia.

KUMB. NA. 6/03/2025: KUFUNGA
Hakuna aliyefunga kikao. Kufikia saa saba kasorobo vizimba vyote vinne vilivyokuwa vimebaki karibu na ufuo vilikuwa kwenye kina, kikiwemo cha Bw. Griffins, na ngege walikuwa wakila.

Katibu: I. Odera (sahihi, karatasi imelowa kidogo)

Mwenyekiti: ................ (hajatia sahihi. Anataka "maneno mawili ya kwanza" yasomeke "maneno mengi ya kwanza". Wanachama wamekataa.)