Kolezhi Inayomchagua Rais wa Marekani

Jumamosi

Hili sijamwambia mtu: mpaka leo mchana niliamini kwamba rais wa Marekani anachaguliwa na wanafunzi. Redio husema "kolezhi ya uchaguzi", na kwetu kolezhi ni shule ya mapadri. Kichwani nilikuwa nimewavalisha hata sare.

Kesho ni zamu yangu kuwaeleza vijana wa parokia, hapa Kasenga, uchaguzi wa Marekani. Nilijaribu kwanza mbele ya shangazi, aliyekuwa anachambua ndagala, visamaki vidogo vya kukaanga.

"Ee, weye! Watu wazima wanapiga kura, kisha watoto wa masomo ndio wanakata neno? Na mwalimu akiwachapa?"

Nikafungua kamusi ya Kifaransa, lugha neno hilo lilikotoka. Kumbe kolezhi pia ni kundi la watu waliopewa kazi moja! Raia wa kila jimbo hupiga kura, na kura hizo huamua wajumbe watakaomchagua rais.

Nikamwambia shangazi nilikuwa namtania tu, nikamweleza upya. Alicheka mpaka ndagala zikamwagika, kisha akaelewa yote mara moja.

Mimi nikichekwa, sauti hupotea kabisa. Lakini kesho nitaanza na kosa hili, waziwazi, wacheke mapema tumalize. Mpaka hapo nyamaza, daftari langu, tafadhali. Nataka walisikie kutoka kwangu.